Dume Aliyekula Paa la Jiko

Kuandika kunaniuma vidole, na bado umening'ang'ania nikueleze habari za kaka yangu, mfuga madume wa ng'ombe. Haya. Yeye watu huwasalimia kwa kikohozi, lakini dume wake yeye humwita "bwana mkubwa". Kila asubuhi humpapasa kutoka nundu hadi mkiani, akambonyeza mbavu, kisha akanusa kiganja chake kama mtu anayeonja mchuzi. Ukame umetukausha, malisho yamelimwa, pumba hazishikiki bei, na wenzake wote wameshawapeleka madume wao buchani. Mwenye bucha hakosi kupita. "Mzee, uza kabla hajabaki ngozi." Naye humjibu, "Na majike wa kijiji kizima wapandwe na nani, wewe?"

Juzi wifi yangu, mkewe, alirudi kutoka kuteka maji akakuta jua linawaka ndani ya sufuria. Paa lote la nyasi la jiko limefumuliwa, na bwana mkubwa yuko bandani anatafuna nyasi zake taratibu, masizi yamemjaa puani.

"Baba, na mvua ikinyesha?" akamuuliza mumewe.

Kaka yangu hata hakugeuka. "Ikinyesha si nyasi zitaota? Nitakuezekea."

"Yaani mimi nilowe kwanza!"

Akabonyeza ubavu wa dume, akanusa kiganja. "Leo ameshiba," akasema, kwa sauti laini ambayo wifi hajaisikia tangu aolewe.

Sasa wewe uliyetaka kusikia, leta mzigo wa nyasi za kuezekea. Upitie jikoni, umkabidhi wifi mkononi, na kaka yangu asikuone.