Mawe Meupe ya Hirakawa

Magoti yangu yamekwisha kwa ngazi za ukumbi huu wa igo, mchezo wa mawe meusi na meupe juu ya ubao, ghorofani juu ya kinyozi, hapa mjini Onomichi. Kuchemsha chai ya shayiri, kuosha mawe, kuwasikiliza wazee wakibishana, na shukrani hakuna. Lakini aliyechoka kunishinda ni Hirakawa, aliyekuwa fundi wa kuchomelea meli. Tangu mkewe afariki, anakuja na soksi za jana, anaketi mbele ya ubao, ananiuliza kama chai ameshakunywa.

Kilichombakia ni mawe meupe. Kwetu meupe hushikwa na aliye bora, meusi na aliye chini yake. Sugimoto, mpeleka barua mstaafu, amemshikia meusi tangu wote wawili hawajaota mvi. Ila kanuni ya ukumbi wangu haina huruma: ukifungwa mara tatu mfululizo na mtu yuleyule, unamwachia meupe. Hirakawa alikuwa ameshafungwa mbili.

"Leo utanikoma," Sugimoto akamwambia.

"Cheza wewe. Maneno yako ni kama barua zako, yanafika yamechelewa."

Wakacheza. Jiwe likishawekwa halihami. Likizungukwa pande zote linaondolewa, na mwishoni huhesabiwa nafasi tupu alizozingira kila mtu. Kufikia alasiri mipaka ilikuwa imefungwa, Hirakawa anaongoza kidogo. Nikashusha pumzi.

Zikabaki zile nafasi za mpakani zisizo na mwenyewe, zinazojazwa kwa zamu. Hazina faida kwa yeyote, ndiyo maana watu huzijaza huku wakipiga soga. Na hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu kila jiwe la mwenzako linayabana mawe yako, na yakibanwa sana lazima uongeze jiwe la kuyakinga.

Hirakawa hakukinga. Ilikuwa zamu ya Sugimoto: jiwe moja tu kwenye pengo hilo, na kundi zima la meupe limezungukwa, limekufa. Akainua mkono, akamtazama mwenzake usoni, kisha akaliweka jiwe kwingine, kwenye nafasi ya bure.

Hirakawa akauinamia ubao, akaiona ile nafasi.

"Umeiona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mtoto, Sugimoto. Umeiona, ukaniacha."

"Macho yangu nayo yamezeeka, bwana."

"Mwongo mkubwa wewe."

Bado angeweza kukinga, zamu ilikuwa yake. Hakukinga. Aliyaokota mawe yake mwenyewe, moja moja, ndiyo kukubali kufungwa mara ya tatu, akalisukuma bakuli la meupe upande wa pili wa ubao. Nilimhurumia mpaka nikakasirika, nikajifanya napangusa dirisha.

Sugimoto alikuwa analia bila kujificha. "Miaka yote hii nilikuwa nayataka haya mawe. Sasa nayatakia nini?"

"Yashike tu, ndugu yangu," Hirakawa akamwambia. "Mimi nimechoka kuyashika."