Shemasi wa Kumeza

Kasonde, fundi viatu wa komini iitwayo Kenya, mjini Lubumbashi, alizaliwa na maji kichwani. Utotoni madaktari walimwekea mrija wa kuyapunguza. Akapona, akabaki na kichwa kikubwa na koo lisilotaka haraka. Mtawa mmoja muuguzi alimfundisha namna ya kula: kila tonge, shusha kidevu kifuani, nyamaza, meza, kisha meza tena.

Mwaka 1991 wanajeshi walipopora Lubumbashi, raia nao wakafuata nyuma, maduka yakabaki kuta tupu. Kasonde na dada yake Edith hawakupora kitu, kwa hiyo hawakuwa na kitu. Jirani yao, Mama Ngosa, akawaita waje kula bukari, yaani ugali, kwa sardini, makopo ambayo juzi hakuwa nayo. Kasonde akala kama kawaida yake. Mama Ngosa alipoona kichwa kinainama kila tonge kama cha mtu anayesali, akarudisha tonge lake sahanini.

"Huyu muntu iko naomba kila tonge," akanong'ona. "Na sisi, hata mara moja. Na hizi sardini..."

Habari zikazagaa. Nyumba nyingi zilikuwa na chakula chenye kuwasha dhamiri, na kila moja ikamtaka Kasonde aje ale ili kitakaswe. Alijaribu kueleza, ila mdomo ulikuwa umejaa, na Edith alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza. Waliokuwa wakimwita Kichwa-Maji sasa walimwita Baba Shemasi. Jina hilo alilipenda kuliko sardini.

Mambo yaliharibika nyumbani kwa Pasta Kapya, aliyempa glasi ya maji anywe, kisha awaombee wageni kwa sauti. Uji mzito hushuka kooni mwa Kasonde. Maji hukimbilia njia ya pumzi. Kwa aibu ya kukataa akapiga funda. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wageni wakapiga magoti, wakidhani Roho ameshuka.

Alipopata pumzi, akasema, "Baba Pasta, mi siko naomba. Niko nameza tu."

Pasta akawatazama watu wake pale chini. Mmoja alikuwa amekumbatia redio mpya.

"Tangu uanze kumeza kwa nyumba za bantu, kuna wenye walirudisha vitu," akasema taratibu. "Endelea, mwanangu." Akamgeukia mkewe. "Mama Mado, mletee uji."

Njiani kurudi nyumbani, Edith alikuwa amenuna. "Yaya," akamwambia kaka yake, "ungengoja nyama ipakuliwe kwanza, ndipo useme."

Kasonde alikuwa anacheka, akijitahidi asipaliwe tena.