Barua ya posa niliyoipeleka kwa baba ndiyo iliyonielewesha compiler

Wakuu, salaam kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu ya aibu sijaifuta.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu Nachingwea, nimetokea Bukoba.

Kompyuta sikuwahi kuigusa. Nilikuwa na kitabu kimoja tu kuhusu compiler, ile programu inayogeuza tunachoandika kuwa maagizo ya mashine. Nilijifundisha kwa kalamu na daftari.

Ukurasa mmoja ulinikera. Compiler ikijua kwa hakika object, kile kitu kinachoagizwa, ni ya aina gani, inaandika moja kwa moja address ya method, yaani mahali ilipo kazi inayotakiwa. Isipojua, inaacha agizo: wakati wa kazi ukifika, muulize object mwenyewe, angalia table yake, ile orodha ya wapi kila kazi ilipo, nenda inakokuelekeza.

Niliona ni uvivu. Kwa nini isijue kila kitu mapema?

Ndivyo nilivyokuwa. Kosa dogo lilininyima raha wiki nzima.

Nikampenda Somoe, mwalimu mwenzangu, kwao Nandagala kule Ruangwa. Barua ya posa niliiandika mara tisa. Juu nikaweka jina la baba yake, maana kwetu posa ni kwa baba. Somoe sikumwambia, nilitaka iwe kamilifu kwanza.

Nikaituma Nandagala. Wiki tatu bila jibu. Nikajua nimekataliwa. Nikaenda mwenyewe.

Baba yake akaitoa barua. "Mwalimu, mwandiko mzuri. Sasa umeleta kwangu, mimi nifanyeje?"

"Si wewe baba yake, mzee?"

"Baba ndiyo. Mwenye neno mjomba wake, yuko Nambambo."

Nambambo! Kulekule Nachingwea nilikotoka.

Mama yake akacheka mpaka akakaa chini. "Kwani kwenu mjomba kazi yake nini?"

"Kuja kula harusi, mama."

"Basi nyie hamna wajomba!"

Njiani kurudi ukurasa ule ukafunguka wenyewe. Posa ni method moja, jina moja. Inakoishia inategemea unamposa nani. Mimi niliandika address kabla ya kumuuliza object, na object, yaani Somoe, nilikuwa naye ofisi moja kila siku.

Mjomba alisoma barua, akauliza moja tu: "Ulimwogopa nani hata usiulize?"

Akanipa mke hivyohivyo.

Nilichojifunza: ukijua kwa hakika, nenda moja kwa moja, utaokoa hatua. Usipojua, ile hatua ya kuuliza siyo uvivu.

Mwezi uliopita kijana kaleta posa ya binti yetu. Barua safi, jina langu juu. Nikamwambia, "Mwandiko mzuri, mwanangu," nikamwelekeza kwa kaka yake Somoe.

Kwenu je, wakuu, posa inaishia kwa nani? Na nani mwingine aliwahi kukosea mlango kama mimi?