Saruji Kwenye Ukuta wa Kibla

Kwa miaka thelathini mwashi aliutunza msikiti wa kale wa kijiji chao, na kosa lililomnyima usingizi lilikuwa moja: aliupiga ukuta wa kibla lipu ya saruji, akidhani anauongezea maisha. Ukuta uliozoea chokaa ukakosa pumzi, ukavimba na kutoka jasho kuzunguka mihrabu. Sasa mkaguzi wa majengo alikuwa amekuja kuamua kama ukuta huo uvunjwe.

“Nani aliweka saruji hapa?” mkaguzi aliuliza.

Mwashi alijibu, “Ni mimi, mama.”

“Wazee walijenga bila saruji, bwana huyu akajiona kawazidi akili,” alidakia imamu, shemeji yake.

Mkaguzi alibandua kipande cha lipu, akagonga mawe kwa nyundo ndogo, akatega sikio. “Mawe mazima kabisa. Bandueni saruji yote, ukuta ukauke, kisha mrudishe chokaa.”

“Airudishe nani?” mwashi aliuliza.

“Si wewe? Nani anaujua ukuta huu kukuzidi?”

Mwashi aliusogelea ukuta. Akaegemeza paji la uso ukutani, machozi yakimtiririka.

“Basi, shemeji,” imamu alisema. “Utatulowesha ukuta zaidi.”