Filamu ya Kaluki Isiyo na Nyuso

Kaluki alianza kwa kupiga video za harusi hapa Matiliku, na hata huko alituudhi. Badala ya bibi harusi akikata keki, alikuonyesha sufuria zikichemka huku pasta akihubiri. Wateja wakamkimbia. Mama yake, Kathini, akamwambia aende Nairobi akatengeneze matangazo ya sabuni kama wenzake. Kaluki akajibu kwamba anataka kujua kama sauti na picha zinaweza kutengana na bado zikaelewana. Sisi tukasema mtoto wa watu amesoma akapitiliza.

Mwaka jana akaomba kurekodi mwethya wetu, kile kikundi cha akina mama tunaolimiana kwa zamu. Kathini akatuahidi tutajiona kanisani kwenye skrini kubwa. Basi siku ya kuchimba matuta tukaja na sare za kanisa, vitambaa vyeupe kichwani. Mimi nilivaa viatu vya harusi. Mbinya peke yake, kiongozi wetu wa nyimbo, alikuja na gauni lake la shamba, akatucheka mpaka jembe likamponyoka.

Mwezi wa Agosti Mbinya akafariki. Hatujamzoea akiwa hayupo.

Mvua za Novemba ziliponyesha, Kaluki alirudi shambani na kamera, peke yake. Siku ya kuonyesha filamu kanisa lilijaa. Kathini aliketi mbele amekumbatia kiondo chake. Alikuwa amemwambia binti yake wazi kwamba akituaibisha, kazi hii imeisha, ni Nairobi.

Filamu ikaanza. Hakuna sare, hakuna uso hata mmoja. Ni matuta tu, maji yametulia, ndengu zinachipuka. Watu wakaanza kunong'ona. Nami nilikasirika, maana viatu vile viliharibika bure.

Kisha tukasikia majembe, mihemo, kikohozi changu mwenyewe. Halafu Mbinya akaanzisha wimbo.

Wimbo wa mwethya ukianzishwa lazima uitikiwe. Kaluki alikuwa ameondoa sauti zetu za kuitikia, mahali petu akaacha kimya. Mbinya akaimba, akangoja. Tukaitikia kanisa zima, wengine tukilia.

Wimbo ulipoisha, Kathini akasimama.

"Hiyo sabuni ya Nairobi itauzwa na wengine," akamwambia binti yake. "Sasa rudisha hapo Mbinya anaanza. Mimi nilichelewa kumwitikia."