Bahasha za Dada

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ikifika saa nane mchana, nilikuwa nafagia nywele, nafunga mlango wa mbele wa kibanda changu cha kinyozi na kufungua chumba cha nyuma. Chumba chenyewe ni kidogo: meza moja, taa inayoning'inia kwa waya, na maboksi ya mafuta ya nywele yaliyopangwa hadi karibu na dari. Hapo ndipo tulipokuwa tukikutana sisi watu wa kukusanya sarafu na noti. Mwanzoni tulikuwa saba. Mmoja alihama, wawili wakafariki, mwingine mkewe akamwambia achague kati yake na vyuma, naye akachagua vizuri. Wa tano aliondoka tu bila kuaga, tukabaki wawili, mimi na Mwalimu aliyestaafu kufundisha jiografia. Aliyekuja kutufanya watatu ni Mama Pasi.

Mama Pasi hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alipewa hotelini, kwenye chumba cha kufulia, alikopiga pasi mashuka na mashati ya wageni kwa miaka ishirini na minane. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono imejaa makovu madogo madogo ya kuungua. Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja kama anayeficha pengo, na meno alikuwa nayo yote.

Siku za mwanzo Mwalimu alipenda kumtania. "Haya, leo umekamua suruali ya nani?"

Siku moja akamjibu, bila kucheka: "Mwalimu, kila ninachokikuta mfukoni mwa mgeni nakipeleka mapokezi. Hata senti yenye kutu. Hizi zangu zimetoka kwa kaka yangu."

Ndipo akatusimulia. Walilelewa wawili na mama yao, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga. Kaka alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitatu, lakini tangu utotoni alimwita Dada, na jina likaganda. Alipofika miaka ishirini na miwili akapata kazi ya upishi kwenye meli za mizigo. Kabla ya kuondoka akamwambia, "Kila nchi nitakayotia mguu nitachukua mbili mbili. Moja yangu, moja ya Dada." Na kweli. Alikata karatasi ya mifuko ya unga ya jikoni melini, akakunja bahasha ndogo kama kiberiti, akazibandika kwa uji wa ngano. Juu yake aliandika nambari, jina la bandari, na maneno mawili: ya Dada. Nambari saba aliikata katikati kwa kistari.

Kwa miaka sita zilimfikia bahasha arobaini na moja. Zilikuwemo ya Japani yenye tundu katikati, ya Hong Kong yenye ukingo wa mawimbi, ya Iceland yenye samaki. Kisha zikakoma.

"Bahari ilimchukua," alisema, akafunga albamu yake.

Hatukumuuliza zaidi. Mtu akishakwambia bahari imemchukua nduguye, utamuuliza nini? Meli gani?

Jumapili ninayotaka kuieleza mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na chumba kilinuka mbwa aliyelowa ingawa mbwa hakuwamo. Tulikuwa na desturi yetu: kila mtu aonyeshe alichokipata mwezi huo. Nikaanza mimi na drakma ya Ugiriki yenye bundi, niliyopewa na mteja aliyeikuta kwenye kabati la marehemu baba yake. Mama Pasi akatoa noti ya plastiki ya Australia, zawadi ya mgeni aliyenyooshewa shati dakika kumi kabla ya harusi. Tukaishika kwa zamu, tukaipandisha kwenye taa kutazama dirisha lake dogo linalopitisha mwanga.

Mwalimu alisubiri kwa uso wa mtu aliyeficha kitu. Zamu yake ilipofika akaweka mezani kopo la biskuti.

"Leo mtanyamaza kidogo," alisema. "Nilikwenda kumwona shemeji yangu mji ule wa juu, nikampata muuza vyombo vya mitumba. Kopo zima. Hata hajui ana nini."

Akalimwaga. Zikatapakaa bahasha ndogo za kahawia.

Nilikuwa nimenyoosha mkono nichukue moja, nikaona Mama Pasi ameganda. Hakupiga kelele wala hakuanguka. Alisema tu, "Shusha taa." Nikaivuta taa chini. Akachukua bahasha moja, akaisogeza karibu na macho, akaiweka. Akachukua nyingine. Na nyingine.

"Arobaini na mbili," alisoma. "Arobaini na tatu. Arobaini na saba." Kidole chake kilikuwa juu ya kile kistari cha saba.

Mwalimu akacheka kidogo, hajaelewa bado. "Hicho nini, Mama Pasi?"

"Ya Dada," alisema. "Zote. Tazama mwenyewe. Ya Dada, ya Dada, ya Dada."

Zilifika hadi tisini na sita. Za katikati zilikuwa na majina ya bandari. Za mwisho, kama ishirini hivi, hazikuwa na bandari. Ziliandikwa: sokoni, na tarehe. Ya mwisho kabisa tarehe yake ilikuwa ya mwaka uliopita.

Nilihesabu kimoyomoyo, na nadhani sote tulikuwa tunahesabu. Mtu aliyechukuliwa na bahari miaka ishirini na saba nyuma alikuwa ananunua sarafu sokoni juzi tu, kwenye mji ulio mwendo wa saa tano kwa basi.

"Kopo hili nitaondoka nalo," Mama Pasi alisema.

Hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo hadi leo linanikera. Akaweka kiganja juu ya kopo. "Ngoja kwanza. Nakuhurumia, dada yangu, lakini nimenunua kihalali. Chukua bahasha. Sarafu tutazungumza."

Mama Pasi akachukua bahasha moja tu, ile ya tisini na sita, akaitia kifuani, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Jumapili iliyofuata nilifunga kazi nikamsindikiza. Aliniomba. Alisema hajui atasemaje akifika. Muuza mitumba wa mji ule wa juu alituonyesha nyumba bila shida: vyumba viwili, mlango wa buluu, nyuma ya shule ya bweni. Aliyefungua alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, amefunga kanga kiunoni, mikono ina unga.

"Karibuni. Mnamtafuta nani?"

Mama Pasi akamtajia jina la kaka yake. Yule mwanamke akafuta mikono taratibu.

"Alifariki mwezi wa pili. Mapafu. Mimi ndiye mkewe." Akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, macho yakasimama kwenye makovu ya mikono. "Wewe ndiye Dada."

Halikuwa swali.

Alituketisha. Chai akatuletea, lakini ile ya kuletewa kwa sababu mgeni ni mgeni. Akatueleza kwamba marehemu aliacha meli muda mrefu, kifua kilimsumbua, akapata kazi ya kupika pale shuleni, na hapo jikoni ndipo walipokutana. Watoto hawakupata. Mtu mpole, alisema, mchache wa maneno, siku za Ijumaa anazunguka sokoni kutafuta sarafu mbili zinazofanana.

"Wifi," Mama Pasi alisema, na neno lenyewe lilimtoka kwa tabu, "mbona hakunitafuta?"

Wifi yake alinyanyuka. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imechakaa hadi imebandikwa plasta. Akaiweka mezani, akaigeuza ituelekee.

Niliusoma mwandiko kabla sijajizuia. Ulikuwa wa Mama Pasi. Naujua kutoka kwenye albamu yake.

*Kaka, mama yuko kitandani siku ya kumi na nane. Anakuita wewe, haniiti mimi ninayemgeuza. Kama hutakuja kumzika, usije tena. Nitawaambia watu kwamba bahari imekuchukua.*

"Ilimfikia baada ya miezi minne," wifi yake alisema. "Meli ilikuwa imekwama mahali, wanasubiri chuma fulani. Mama alikuwa ameshazikwa. Tulipojuana akanionyesha, akasema, Dada amenikataza. Nilimwambia hayo ni maneno ya uchungu, mtu hupoa. Hakunisikia."

Mama Pasi hakuigusa ile barua.

"Alipanda basi mara mbili," yule mwanamke aliendelea. Sasa alikuwa anasema kwa haraka, kama anayetaka kuyamaliza. "Mara ya kwanza alishuka katikati ya njia, akarudi. Mara ya pili alifika. Alisimama nje ya uzio wa hoteli yako akakuona unaanika mashuka. Akageuza. Aliporudi nikamuuliza, vipi? Akasema, amekonda. Basi. Hilo tu."



"Na kopo?" niliuliza mimi, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu. "Kwa nini ukaliuza?"

Alinigeukia mimi, lakini jibu lilikuwa la mwenzangu. "Nilikaa nalo miezi mitano. Nikajisemea, mtu asiyemtaka nduguye akiwa hai, atavitaka vyuma vyake? Sikujua kama kuna mtu angekuja. Nisamehe kama nimekosea. Lakini sikujua."

"Hujakosea," Mama Pasi alisema.

Aliomba aonyeshwe kaburi. Wifi yake akatikisa kichwa. "Nitakuelekeza. Kwenda na wewe, hapana. Siwezi leo." Akatuelekeza: ukipita bomba la maji, safu ya tatu, kuna kibao cha mbao.

Tulipita bomba, tukahesabu safu. Kibao hakikuwapo. Labda mchwa, labda mtu alihitaji kuni. Palikuwa na matuta mawili yaliyofanana, majani yameota juu yake kwa kimo kile kile, na mlinzi wa makaburi alikuwa mgeni kazini. "Ni mojawapo ya haya, mama," alisema, kisha akaona aibu, akasogea pembeni.

Mama Pasi akasimama katikati ya matuta yale. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Hakulia. Aliinama, akaanza kung'oa majani, kwanza upande huu, kisha upande ule, hadi yote mawili yakawa safi. Ilimchukua karibu saa nzima, na aliponiona nataka kumsaidia akaniashiria nikae.

Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani. Tulipokaribia kwetu akasema, bila kunitazama, "Ile barua niliiandika usiku mmoja tu, nikaitia kwenye sanduku la posta usiku huo huo. Asubuhi nilipoamka hasira ilikuwa imekwisha. Nikasema nitaandika nyingine nikipata stempu."

"Ukaandika?"

"Mama akafa siku hiyo. Kisha nikangoja aandike yeye."

Nilimwekea koti langu mabegani, maneno nikawaachia wengine. Mimi kazi yangu ni kunyoa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata Mwalimu alikuja mapema kuliko sisi wote, amebeba lile kopo. Alilisukuma mezani hadi mbele ya Mama Pasi. "Nimekosa usingizi," alisema. "Chukua, na bahasha zake, na kila kitu. Sitaki kurudishiwa chochote."

Akashukuru. Akazipanga kwa nambari, pole pole, kama anavyopanga foronya. Alipofika hamsini na saba mkono ukasimama, ukaruka hadi hamsini na tisa, ukaendelea. Mimi niliona, na Mwalimu alijua kwamba nimeona. Akainama kufunga kamba za kiatu. Mama Pasi hakusema kitu, siku ile wala siku nyingine. Mwalimu alikuja mara mbili zaidi, mara ya tatu akatuma salamu kwamba miguu inamsumbua, na ikawa ndiyo kwaheri yake.

Wifi yake Mama Pasi alimpigia simu kwa miezi kadhaa. Walikuwa na mazungumzo mafupi: umeamkaje, kifua je, mvua imenyesha huko? Mama Pasi aliniambia kwamba kila akikata simu anahisi kuna kitu hawakusema, na hajui ni yeye au ni mwenzake anayekizuia. Kisha ile namba ikawa haipatikani. Alipokwenda alikuta mlango wa buluu umepakwa kijani na mpangaji mwingine ndani. Jirani alisema mama yule amerudi kwa ndugu zake, ila hajui ni wapi. Kabla ya kupanda basi alipita makaburini akang'oa majani, matuta yote mawili.

Niliwahi kumuuliza kama ingekuwa afadhali asingejua. Alifikiri. "Zamani nikiulizwa nilisema bahari," alisema. "Ilikuwa rahisi. Watu wanakupa pole, mnaendelea kunywa chai."

Mwaka jana hoteli ilileta mashine za kukausha na kunyoosha, wakamwambia apumzike. Wakampa saa ya mezani na picha ya kundi ambayo yeye yuko nyuma, nusu uso. Kikohozi kimemwanza, na akipanda ngazi husimama katikati akajifanya anatafuta funguo. Mimi nami mwenye nyumba alichukua chumba cha nyuma akampangisha fundi simu, kwa hiyo siku hizi tunakutana kwake, sisi wawili. Meza yake ni fupi na haina taa ya kuvuta, tunategemea dirisha. Mwezi uliopita nilimpelekea noti ya Brazili, chakavu, pembe moja imeliwa. Aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akasema ni nzuri. Kisha akaniuliza kama nimekula.