Saumu Niliyoifunga Siku ya Idi

Nakumbuka siku niliyoshuka Kizingitini, kijiji cha wavuvi kisiwani, mara ya kwanza, baada ya safari ndefu ya basi kutoka Nairobi hadi Mokowe, kisha boti mbili. Nilikuwa mtu wa kuhamahama. Nikapata kazi ya kupima kamba wanaoletwa na wavuvi, na chumba kwa mjane mmoja, Bi Zainabu. Miaka tisa kabla ya hapo nilikuwa nimechomwa mionzi shingoni kwa ajili ya saratani. Nilipona, mwanangu, nikaacha kwenda kliniki.

Mwaka wa pili kisiwani, ulimi ukaanza kuwa mzito. Maneno yalitoka yamelegea. Wali ukinipalia, maji yakitokea puani. Nikaamini saratani imerudi, nikaona bora nisijue. Wanaume pale tulikula sinia moja, nami sikutaka kukohoa juu ya chakula cha watu. Nikasema nimefunga. Jumatatu, Alhamisi, kisha kila siku.

"Huyu karibu atakuwa walii," wenzangu wakacheka.

Bi Zainabu akawa ananiletea futari kwa heshima. Niliwapa paka, nikanywa uji peke yangu, mlango umefungwa, nikisikia vicheko vyao barazani. Suruali zikaanza kunivuka.

Ikafika Idi ya kuchinja. Sinia ya pilau ikatengwa, nikaitwa, na mdomo ukajisemea kwa mazoea: "Nimefunga."

Bi Zainabu akatoka ndani.

"Leo kufunga ni haramu, Bwana Athmani. Wamfungia nani?"

Akaitazama suruali yangu ilivyokuwa ikinivuka.

"Ndaa hii ya kutokula itakuua, nasi twadhani ni ibada."

Nikalia mbele za watu, nikasema yote.

Nikaenda Mombasa, daktari akanipima. Saratani haikuwepo. Mionzi ile ya zamani ndiyo iliyodhuru mishipa ya fahamu ya ulimi na koo, polepole, miaka yote hiyo. Ulimi hautarudi ulivyokuwa, ila mazoezi ya kumeza yananisaidia.

Mwanangu, ukishachomwa mionzi, usiache kliniki. Hata miaka kumi ikipita, ulimi ukiwa mzito au chakula kikikupalia, mwambie daktari kwamba uliwahi kuchomwa. Wala usijifungie mlango na maradhi yako. Mimi niliikimbia sinia ambayo ingeningoja nile polepole.

Nilirudi Kizingitini kuchukua begi tu, maana kliniki ya Mombasa ilikuwa ya kila wiki. Bi Zainabu alinisindikiza hadi gatini, akanipa chupa ya uji.

"Mungu akupe watu wa kula nawe," akasema.

Niliunywa ndani ya boti, mbele za abiria, nikikohoa. Dua yake hiyo ndiyo ninayokuombea na wewe.